Chumvi Haiyeyuki Majini

Siku ya kuniaga mlinipa dakika tatu na saa ya ukutani. Mtu anastaafu, mnampa saa, sijui aangalie nini. Na hizo dakika tatu zenyewe, ya kwanza ililiwa na kipaza sauti kilichokuwa kinapiga miluzi, ya pili nikamshukuru mgeni rasmi ambaye hajawahi kukanyaga maabara, na ya tatu MC alikuwa ameshaanza kunikonyeza nishuke. Kwa hiyo niliyotaka kuwaambia sikuyasema. Nayaandika hapa, kwa ninyi mliobaki pale chuoni mnafundisha Kemia ya Utangulizi kwa watoto wa famasi. Nayaandika kwa Kiswahili, kama mlivyonizoea, na asiyependa aache kusoma.

Habari za vyeo siwapi. Niliingia fundi wa maabara, nikatoka mkufunzi wa mazoezi, na katikati kuna barua nyingi. Barua moja nitaieleza, maana wengi mnaisikia kwa kunong'onezana na mnaisimulia vibaya.

Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Kanyenye, hapa hapa Tabora mjini. Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kirefu, nikidhani kazi ya maabara ni ya kukaa. Mzee Laurenti, fundi mkuu wa maabara wakati huo, alinitazama miguuni, akanitazama usoni, akanikabidhi ndoo mbili. Bomba lilikuwa kavu tangu juzi. Nikachota maji kisimani mpaka saa sita, viatu nimevishika mkononi, na wanafunzi wa kiume wananiangalia kwa dirisha kama wanaangalia mpira. Hakuna aliyetoka kunisaidia. Baadaye nilikuja kuwasimamia wote wale, na siku ya kuosha vyombo vya maabara niliwakumbuka kwa majina.

Mchana wa siku hiyo hiyo Mzee Laurenti akanionyesha kuvuta pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia. Zamani tulivuta kwa mdomo, msishangae. Akavuta yeye, maji yakapanda taratibu, yakasimama kwenye mstari. Nikavuta mimi. Yakapita mstari, yakapita pipeti, yakafika kwenye meno. Nashukuru ilikuwa soda kali iliyopunguzwa nguvu kwa maji mengi, lakini ulimi ulikuwa na utelezi kama nimelamba sabuni.

"Suuza," akasema. "Umesuuza? Haya, vuta tena."

"Mzee, nimeungua."

"Hujaungua, umejifunza. Ungeungua usingeweza kunijibu."

Basi ndivyo alivyokuwa. Mtu wa Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi, Mkatoliki wa kufunga kweli kweli siku za Kwaresima, na mkali kwa chombo kichafu kuliko kwa dhambi. Alianza shule kwa Kifaransa huko walikotoka, akaja kuendelea kwa Kiingereza huku kwetu. Siku moja nilimuuliza kemia aliielewa kwa lugha ipi. Akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra kama mvua ya Agosti. Akasema, "Kwa Kifaransa nilikariri, kwa Kiingereza nikakariri upya. Nilielewa siku nilipolazimika kumweleza mke wangu kwa nini majivu yanatoa mafuta kwenye sufuria. Nilimweleza kwa Kiswahili." Nikalichukua neno lile, nikaliweka.

Vifaa vyetu mnavijua, vingine bado mnavyo. Ile mizani ya mihimili mitatu yenye kipande cha boksi chini ya mguu mmoja, boksi lile niliweka mimi, msilitoe. Bureti namba nne inavuja, ipakeni mafuta ya mgando kidogo kwenye koki, kidogo nimesema, si kama mnapaka mtoto anayekwenda shule. Maji yaliyotoneshwa yakiisha, nendeni kituo cha mafuta mkanunue maji ya betri. Mkaguzi akiuliza, mwambieni ni maji yaliyotoneshwa, kwa sababu ndiyo hayo hayo.

Mzee Laurenti alipostaafu, chuo hakikuwa na mtu wa kuendesha mazoezi ya maswali. Wakufunzi wenye digrii walikuwa wanafundisha nadharia asubuhi, wakimaliza wanafuta ubao, wanapanda pikipiki zao. Mwanafunzi anabaki na daftari lililojaa na kichwa kitupu. Ndipo nikaanza saa ya maswali, kila siku saa tisa alasiri, maabara ikiwa wazi. Hakuna aliyeniagiza. Lakini hakuna pia aliyenikataza, kwa miaka mingi.

Utaratibu wangu ulikuwa mmoja. Mwanafunzi anasoma swali kwa Kiingereza, kama lilivyoandikwa. Kisha anafunika karatasi, ananieleza kwa Kiswahili, kana kwamba mimi ni mama ntilie na sijui kitu. Unaulizwa nini? Umepewa nini? Unakosa nini? Akishindwa kunieleza, haruhusiwi kushika kikokotoo. Akiweza, anakokotoa, anarudi kuandika jibu kwa Kiingereza safi, maana mtihani ni wa Kiingereza na mimi si mjinga. Hapo ndipo watu wanaponizulia. Wanasema Madamu Zuhura alikuwa anapinga Kiingereza. Nani kasema? Nilikuwa napinga kasuku.

Na kasuku walikuwepo wengi. Vijana wa chuo wana kitu wanaita pasti pepa, mitihani ya miaka iliyopita. Wanapiga msuli wiki nzima juu ya pasti pepa, wanakariri majibu mpaka nukta. Mwaka mmoja kulikuwa na swali linalopendwa sana: gramu nne za soda kali katika nusu lita ya maji, tafuta mkolezo. Jibu ni moli sifuri nukta mbili kwa lita, na hilo jibu lilikuwa linatembea mabwenini kama wimbo. Nikabadilisha nne ikawa nane. Tu. Sikugusa kitu kingine. Nusu ya darasa waliniletea sifuri nukta mbili, wengine wameipigia mstari mara mbili kwa furaha. Nikawauliza, "Soda imeongezeka maradufu, maji ni yale yale, ukali umebaki pale pale?" Kijana mmoja wa Nzega akanijibu kwa ujasiri kabisa, "Madamu, jibu lake ndiyo hilo, hata kaka yangu alipata hilo."

Moli niliwafundisha kwa misumari. Pale Kanyenye fundi seremala akitaka misumari mia tatu, hakuna muuza duka atakayekaa kuhesabu. Anapima kilo, anajua kilo ya inchi tatu ina misumari kiasi gani, na kilo ya inchi nne ina mingine. Ukitaka idadi ileile, uzito unakuwa tofauti. Basi, moli ndiyo hiyo: kuhesabu kwa kupima, vitu vidogo visivyohesabika kwa kidole. Niliweka kopo la misumari kwenye droo yangu miaka yote hiyo. Wageni walidhani natengeneza viti.

Mambo yakaenda hivyo mpaka akaja mkuu mpya wa idara, Mwalimu Fidelis. Kijana msomi, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na mpole wa kusema. Sikumchukia, naomba muelewe hilo. Alikuwa ameumizwa na matokeo mabaya ya idara, na akaamini ugonjwa ni lugha. Wiki yake ya pili akabandika tangazo mlango wa maabara: ndani ya chumba hiki ni Kiingereza tu, kwa mkufunzi na mwanafunzi. Nikalisoma, nikaingia ndani, nikaendelea na misumari yangu.

Akanikuta. Akasimama mlangoni, akasikiliza dakika nzima, akanisubiri nimalize.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba mwanangu."

"Madamu, tangazo umeliona?"

"Nimeliona. Limebandikwa vizuri, halijapinda."

Wanafunzi wakaangalia chini. Yeye akatabasamu kidogo, akaondoka. Kesho yake masjala wakaniletea barua ya kujieleza: toa sababu kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nikajibu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na sababu yangu ilikuwa moja: wanaelewa. Nikamwambia na mhudumu aliyeileta amwambie mkuu kwamba mji huu ulipima pembe, nguo na chumvi ya Uvinza kwa Kiswahili tangu wapagazi wanapita na mizigo kichwani, na hakuna msafara uliokwama hapa Unyanyembe kwa kukosa neno la kupimia. Sijui kama mhudumu alifikisha. Uso wake ulikuwa wa mtu atakayesahau kwa makusudi.

Sasa nije kwa Nyamizi, maana bila yeye barua ile ingekuwa karatasi tu.

Nyamizi alikuwa binti wa wafugaji wa Igunga, Msukuma wa kimya, mwaka wa kwanza wa stashahada ya famasi. Kama kuna mtu aliyewahi kusoma katika chuo kile, ni yeye. Madaftari yake manne yalikuwa yamejaa mpaka kwenye jalada. Alijua hata ukurasa: ukimuuliza kiini cha atomu anakuambia ukurasa wa kumi na tisa, juu, upande wa kushoto. Na alifeli. Mtihani wa kwanza wa Kemia ya Utangulizi alifeli, akapangiwa sapu, yaani kurudia. Sapu ni moja tu. Ukianguka sapu ni disko, jina unalikuta kwenye ubao wa matangazo, unafunga begi, unarudi kwenu. Kwao walikuwa wameuza ng'ombe ili afike pale, na baba yake alikuwa ameshawaambia majirani kwamba binti yake ni daktari wa dawa. Nyamizi aliniambia hayo siku aliyokuja mezani kwangu, amebeba karatasi ya mtihani imekunjwa mara nne.

"Madamu, nimesoma yote. Sijui nimekosa wapi. Niambie tu kama mimi kichwa changu ndiyo hivyo, nijue."

Jamani, nilikasirika. Sikumkasirikia yeye. Binti amesoma mpaka macho yamevimba, anauliza kama Mungu alimnyima akili. Nikaichukua karatasi, nikaisoma yote nikiwa nimesimama.

Mahesabu alipata karibu yote. Lakini kila palipohitaji maelezo, palikuwa na mstari mwekundu. Chumvi imewekwa kwenye maji, eleza. Kaandika chumvi ina-"melt". Barafu imewekwa juani, eleza. Kaandika barafu ina-"dissolve". Swali linalofuata akaona chumvi ina-"melt", basi akatafuta kiwango cha joto cha kuyeyukia chumvi, akakikumbuka sawasawa, nyuzi mia nane na moja, akaandika kwamba glasi ya maji imefika joto hilo. Mtahini kaweka alama tatu za mshangao pembeni. Mimi sikushangaa hata moja. Nilimwelewa kabisa.

Maana hebu tuseme ukweli, sisi tunasemaje? Barafu imeyeyuka. Samli imeyeyuka. Sukari imeyeyuka kwenye chai. Chumvi imeyeyuka kwenye mchuzi. Neno moja, linafanya kazi mbili. Mwingereza ana mawili, na mtoto wetu anapewa yote mawili siku moja, anaambiwa yakariri, na tafsiri ya yote mawili ni "kuyeyuka". Sasa atachagua vipi? Anarusha shilingi. Nilipekua karatasi za wenzake, wale waliofaulu, nikaona wengi wamekosea hapo hapo, ila wao walipona kwa kukariri kwingine. Kosa hilo Mwingereza hawezi kulifanya hata akilewa. Ni letu.

Maabara ilikuwa ya Kiingereza tu, na majibu ya barua yangu bado. Sawa. Nikamchukua Nyamizi nikampeleka jikoni, kwa Mama Chausiku, mpishi wa chuo. Jikoni hakuna tangazo. Nikaomba visufuria viwili. Kimoja kikakaa motoni kikavu, nikatia kipande cha mafuta ya kupikia yaliyoganda. Kingine kikabaki mezani na maji ya baridi, nikatia chumvi, nikamwambia akoroge.

"Nini kimetokea hapa kwenye moto?"

"Yameyeyuka, Madamu."

"Na hapa mezani?"

"Imeyeyuka."

"Hapa pana moto?"

Mama Chausiku akaacha kuchambua mchele. Nyamizi akakiangalia kisufuria cha chumvi, akatia kidole, akalamba. Akasema taratibu, "Kwetu nyumbani mama akitia chumvi kwenye maji hasemi kama anavyosema kwa samli. Samli ndiyo inayeyuka. Chumvi tunasema imepotea." Akasema na neno lenyewe la Kisukuma. Siliandiki hapa, nitakosea herufi na Wasukuma watanicheka mpaka Shinyanga.

"Imepotea wapi?"

"Kwenye maji, Madamu. Samli haihitaji mwenzake, moto tu. Chumvi bila maji haipotei popote." Halafu akanitazama, macho yamemtoka. "Kwa hiyo huku ni kitu kimoja, na huku ni viwili!"

Mimi, mtu mzima, nilipiga kigelegele jikoni. Mama Chausiku akaitikia bila kujua tunashangilia nini.

Lakini nilitaka neno. Mtu akielewa bila neno, mtihani unamwibia. Nikatoa pipi kwenye pochi, nikampa. "Weka mdomoni. Usitafune, usimeze. Unafanya nini?"

"Namumunya."

"Basi pipi inamumunyika. Na maji yaliyobeba chumvi ndani yake yanaitwa mmumunyo."

Akaitoa pipi mdomoni kabisa. "Madamu! Hilo si la Sayansi ya darasa la tano? Mmumunyo! Tulichora na picha!"

Ndiyo. Lilikuwa la darasa la tano. Alilijua akiwa na miaka kumi na moja, Igunga, akiwa amekaa chini sakafuni pengine. Kisha akaingia kidato cha kwanza, akaambiwa sasa ni Kiingereza, yaacheni yale, akaliacha mlangoni pamoja na akili yake nzuri. Wanaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi, mimi nataka kuwaona uso kwa uso. Neno lilikuwepo. Lilikuwa mdomoni mwa kila mtoto aliyewahi kupewa pipi.

Tukafanya kazi wiki tatu, jikoni, kila saa tisa, katikati ya masufuria ya ugali. Kuyeyuka, kitu kimoja na joto: "melt". Kumumunyika, vitu viwili: "dissolve". Kila swali anasoma, anafunika, ananieleza, anaandika. Wenzake wa sapu wakasikia, wakaja. Mwisho tulikuwa kumi na wawili, na Mama Chausiku akawa anawasahihisha kabla yangu. Kuna siku alimwambia kijana mmoja, "Wewe, hapo umeacha maji nje ya hesabu," na alikuwa sahihi.

Sapu ikaja. Nyamizi akakosa alama mbili kufikia ya kufaulu.

Nikaomba karatasi yake. Kwa haki kabisa nilikuwa na ruhusa ya kuiona, mazoezi yalikuwa yangu. Swali lenyewe lilikuwa hilo hilo: tofautisha kinachotokea kwa mafuta kwenye moto na chumvi kwenye maji, alama nne. Binti aliandika kwa Kiingereza chake, sentensi fupi fupi, nzuri: mafuta yana-"melt", ni kitu kimoja na joto. Chumvi haihitaji joto, inahitaji maji, ni vitu viwili, chembe zinatawanyika kati ya maji. Na pale neno "dissolve" lilipotakiwa, likamkimbia. Mtihani unafanya hivyo, mnajua. Hakukubali kuandika "melt". Aliandika "mumunyika", akalipigia mstari chini, wazi wazi, kama mtu anayesema ninajua ninachosema. Mtahini alipitisha kalamu nyekundu juu ya jibu lote. Sifuri.

Mtahini alikuwa Mwalimu Fidelis. Nikaenda ofisini kwake na karatasi mkononi, sikubisha hodi vizuri.

"Shikamoo Madamu, karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Mwalimu, hili jibu ulipolisoma, ulilielewa au hukulielewa?"

Akalitazama. "Nililielewa."

"Ni sahihi au si sahihi?"

"Kikemia..." akasita. "Kikemia ni sahihi. Ni zuri, kusema kweli. Lakini Madamu, kanuni ya mtihani ni Kiingereza. Nikimpa huyu, kesho wote wataandika hivyo."

"Waandike! Ndipo tutajua nani anajua kemia na nani anajua kasuku anavyosema."

Akafunga mlango. Hapo nikakaa. Nikamweleza habari ya jirani yangu hapo Kanyenye. Mtoto wake alikuwa anaharisha, akapewa vidonge vya zinki, na mtoa dawa akamwambia ayeyushe kidonge kwenye kijiko. Nilimkuta jikoni kwake ameshika kijiko juu ya mkaa, kidonge kinaungua, mtoto analia. Alikuwa anatii. Kaambiwa yeyusha, na vitu huyeyushwa kwa moto. Kidonge kile kinataka maji kidogo tu, safi. Na aliyempa maelekezo alikuwa na cheti, alifaulu mtihani wake kwa Kiingereza kizuri.

"Huyu binti," nikamwambia, "ndiye mtu pekee katika darasa lako asiyeweza kulifanya kosa hilo. Na ndiye unayemfukuza."

Akageuza kalamu vidoleni. Halafu akafungua droo. Alikuwa mtu wa kupatana, ndiyo maana aliendelea mbele. Akasema, "Nitampa alama tatu, nitalitetea mbele ya kamati ya mitihani mwenyewe. Lakini siwezi kwenda kule huku suala lako liko wazi. Watasema idara haina nidhamu. Saini hii, nifunge faili." Akanisogezea karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, imeshachapwa, ina tarehe. Ilisema mimi niliyetajwa hapo juu nitatumia Kiingereza pekee katika mazoezi yote ya somo, ndani na nje ya maabara. Ndani na nje. Alikuwa amesikia habari za jikoni.

Sasa mnaelewa nilivyobanwa. Nikikataa, Nyamizi anafunga begi. Nikikubali, wale wengine wote watakaokuja baada yake, watoto wa Uyui, wa Urambo, wa Igunga, wanarudishwa kwenye kukariri kurasa, na kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwona kichwani mwangu Mzee Laurenti na pipeti yake. Nilimwona na baba yake Nyamizi kule Igunga, ambaye sijawahi kumwona. Nikaomba kalamu.

Nikaisoma karatasi yote taratibu, mara mbili. Chini, mahali pa sahihi, palikuwa na nafasi kubwa tu. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, wa ubaoni, maneno mnayoyaandika kila siku kwenye barua za serikali: Nimesoma na nimeelewa. Nikasaini. Nikamrudishia.

Mwalimu Fidelis akatupa jicho, akaona ni mstari wa Kiswahili, hakuusoma. Akaikunja, akaitia kwenye faili, akanishukuru kwa busara. Ijumaa kamati ikakaa, akasimama kama alivyoahidi, na Nyamizi akafaulu kwa ziada ya alama moja. Hilo nampa sifa yake, alitimiza.

Jumatatu saa tisa nilikuwa ndani ya maabara, chini ya tangazo, na kopo la misumari, nawafundisha kwa Kiswahili. Akapita. Akarudi nyuma. Safari hii hakuniamkia.

"Madamu! Wewe si ulisaini?"

"Nilisaini, mwanangu. Nenda masjala, vuta faili, kasome nilichosaini. Nimesema nimesoma. Nimesema nimeelewa. Tafuta mahali nilipoandika nimekubali."

Alikwenda. Nilimwona kupitia dirishani akivuka uwanja kuelekea masjala, anatembea haraka, shati linang'aa. Baada ya robo saa nikamwona anarudi, anatembea polepole, akaingia ofisini kwake moja kwa moja. Nikageukia ubao nikamwambia binti aliyekuwa mbele afunike karatasi yake, anieleze.